Shajara ya zebaki 186

Jumamosi, 8 Machi

Diski imefika. Daktari, msimamizi wa kazi yangu, aliituma kwa basi la usiku kutoka Nairobi, na karani wa parseli pale stendi akaniuliza kama ni simu. Nikamwambia ni hesabu. Akaniangalia, kisha akanisogezea kitabu nitie sahihi.

Ni kijisanduku cha terabaiti 2, chepesi kuliko daftari la mwanafunzi wangu yeyote, na ndani yake mna siku tano za kazi ya saiklotroni (mashine ya kukimbiza ioni) moja ya ng'ambo ambayo sijaitia machoni. Mkondo wa ioni za salfa 36 (namba ni jumla ya protoni na nyutroni za kiini) ulielekezwa kwenye shabaha, utando mwembamba wa gadolini 154. Viini viwili vikigongana kwa nguvu ya kutosha vinaungana kuwa kimoja, zebaki 190 iliyopata moto kupita kiasi, nayo hutema nyutroni 4 papo hapo ikabaki zebaki 186. Hata hapo haijatulia. Inazunguka kama pia, na inajituliza kwa kushuka ngazi kidato baada ya kidato. Kila kidato inachoshuka hutoa mwale wa gama, na vigunduzi vya jerimaniamu vilivyoizunguka shabaha vinaunasa. Kazi yangu ni kuichora ngazi kutokana na miale hiyo.

Zebaki nyepesi kuliko zote zinazodumu ni 196. Hii yetu imepungukiwa na nyutroni 10 zaidi ya hiyo, na nusu uhai wake, muda ambao nusu yake hugeuka, ni dakika 1 na sekunde 23 hivi.

Agizo la Daktari lilikuwa fupi: "Mwalimu, kabla hujaniletea kipya, niletee cha zamani." Anajua ngazi hii ilishachorwa miaka mingi. Vidato vinne vya chini vinatoa miale minne (keV ni kipimo cha nishati, spini ni kipimo cha mzunguko wa kiini): 405.3 keV kutoka spini 2 kwenda 0, 402.7 kutoka 4 kwenda 2, 356.8 kutoka 6 kwenda 4, na 424.2 kutoka 8 kwenda 6. Nisipoiona hiyo minne, nani ataniamini nikidai nimeona wa tano?

Jumamosi, 15 Machi

Leo ni kusawazisha. Kigunduzi hakijui nishati, kinajua chaneli tu, yaani namba ya ukubwa wa ishara, na kila fuwele ina tabia yake. Vigunduzi hivi vinaitwa klova: fuwele nne za jerimaniamu ndani ya kopo moja, zimepangwa kama majani manne ya mmea mmoja na kupozwa kwa naitrojeni ya maji. Klova zilikuwa nane, maana yake fuwele 32. Nne zilikaa ubavuni, nyuzi 90 kutoka njia ya mkondo, na nne zikakaa nyuma, nyuzi 135.

Waliofanya jaribio waliweka chanzo cha europi 152 mahali pa shabaha kabla mkondo haujawashwa na baada ya kuzimwa. Europi ni rafiki wa kila mtu anayefanya kazi hii kwa sababu miale yake imetawanyika vizuri: 121.8, 244.7, 344.3, 411.1, 778.9, 964.1, 1408.0 na mingine. Unatafuta kilele cha kila mmoja, unaandika chaneli yake, unachora mstari. Kisha fuwele inayofuata. Mara 32. Chai ilipoa mara tatu.

Mwisho wa siku 411.1 imesimama mahali pake katika fuwele zote, tofauti haizidi 0.1 keV, na unene wa kilele ni kama 1.4. Nilikaa nikiitazama kwa raha isiyo na aibu. Kigunduzi nilichokizoea ni kile cha iodidi ya sodiamu cha maabara ya chuo, ambacho tuliwahi kupimia mawe ya Homa Hills, yale yenye thoriamu. Kile kilele cha taliamu 208, kizazi cha thoriamu, pale 2614 kilionekana vizuri, lakini kilikuwa kipana kama tumbo la kiboko. Kwenye 662 ya sizi, unene wake ni zaidi ya 40 keV. Kwa chombo kile, 402.7 na 405.3 na nusu ya majirani zao wote ni mlima mmoja.

Jumapili, 16 Machi

Mvua kutoka ziwani saa kumi jioni, stima ikapotea hadi saa nne usiku. Hakuna kilichofanyika. Nimesahihisha mitihani ya Kidato cha Pili kwa taa ya simu. Wengi bado wanaamini uzito na masi ni kitu kimoja.

Jumapili, 23 Machi

Matriksi ya kwanza imekamilika, baada ya kompyuta kuzunguka usiku kucha chini ya feni.

Ni hivi. Kiini kimoja kinaposhuka ngazi, miale yake hutoka karibu wakati mmoja kabisa. Kwa hiyo klova mbili tofauti zikinasa miale miwili ndani ya nanosekunde chache, kuna uwezekano mkubwa imetoka kwa kiini kilekile. Unaweka nukta kwenye karatasi ya mraba: nishati ya mmoja huku, ya mwingine kule. Nukta zikishakuwa mamilioni, unaweza kuuliza swali: nioneshe miale yote iliyonaswa pamoja na mwale wa 357. Huko ndiko kuweka geti. Bila geti unaona soko la Kibuye siku ya Jumapili, kila mtu anapiga kelele. Ukiweka geti unasikia familia moja ikizungumza mezani.

Bila geti, mambo niliyoyatambua haraka ni 511 ya positroni (elektroni zenye chaji chanya), 123 ya gadolini yenyewe iliyotikiswa bila kuungana na kitu, na msitu wa vilele vya dhahabu, kwa sababu kiini kilichoungana wakati mwingine hutema protoni moja na nyutroni kadhaa badala ya nyutroni tupu. Halafu 357 ilionekana, nene kidogo. Na 424. Na badala ya 402.7 na 405.3 kuna kilima kimoja chenye kilele pale 404, mabega yameshuka pande zote mbili.

Moja. Vitabu vinasema mbili.

Jumamosi, 29 Machi

Kitu cha kwanza nilichoshuku ni kwamba vitabu vyangu vinasema kweli ila macho yangu hayatoshi, yaani tofauti ya 2.6 keV ni ndogo mno. Lakini hapana. Europi imenionesha kilele chenye unene wa 1.4. Hata nikiongeza unene unaoletwa na kiini kutikiswa kila kinapotema nyutroni, na ukubwa wa fuwele yenyewe, nafika 2 hivi. Miwili ingepaswa kuachana, angalau iwe na bonde katikati.

Kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya Jumapili iliyopita. Nikaweka geti kwenye 404 yenyewe. Nikaona 357, sawa. 424, sawa. Na katikati yao, juu kuliko zote, 404.

Nilisimama nikazunguka meza. Mwale hauwezi kunaswa pamoja na wenyewe. Kiini hakishuki kidato kilekile mara mbili. Ukishakanyaga cha tatu kwenda cha pili, umeshapita. Kwa hiyo 404 ikiongozana na 404, huyo si mtu mmoja. Ni wawili wamevaa shati moja. Wapo wote, 405.3 na 402.7, na kuna kitu kati ya shabaha na skrini yangu kinachowafinyanga.

Nimemwandikia Daktari. Amejibu kwa neno moja: "Endelea."

Jumamosi, 5 Aprili

Shule zimefungwa, na wiki nzima nimeitumia kusaka kuhama kwa chaneli. Elektroniki hupata joto mchana na kupoa usiku, na kilele kinaweza kutambaa kidogo kidogo kwa siku tano. Nimeikata data vipande vya saa mbili mbili, vipande 58, na kuangalia 511 katika kila kipande, kila fuwele. Imehama, ndiyo, 0.2 keV kwa fuwele moja iliyochoka, na kwa nyingine haijahama hata kidogo. Nimerekebisha. Kilima cha 404 kiko palepale, na mabega yake.

Nikalaumu shabaha. Labda utando ulikuwa mzito kuliko ilivyoandikwa, viini vikapungua kasi ndani yake. Nimepoteza siku mbili kwenye hilo. Nitaandika hapa ili nisisahau: 357 nayo ilikuwa nene. Ni mwale wa pekee, hauna pacha, na ulikuwa mnene vilevile. Niliuona tangu tarehe 23 nikaandika "nene kidogo" nikapita.

Jumamosi, 12 Aprili

Hakuna kazi ya maana leo. Mjomba ameshuka kutoka Kakamega kuja kumwona daktari wa macho, akalala kwetu. Yeye na vijana wake huchenjua dhahabu huko, wanasaga mawe, wanamimina zebaki ndani ya karai, zebaki inakamata chembe, wanakamua kwa kitambaa halafu wanachoma. Kila nikimwambia mvuke ule unaua polepole, anasema kila kitu kinaua polepole.

Akaona kwenye skrini yangu neno zebaki.

"Mpwa wangu, na wewe umeingia kwenye biashara?"

Nikamweleza kwamba hii si ya kwake, hii inatengenezwa na mashine na haidumu dakika mbili. Akauliza ikishaisha inakuwa nini. Nikajikuta nacheka kabla sijajibu, kwa sababu jibu ni dhahabu. Zebaki 186 humeza elektroni moja au kutoa positroni, protoni moja inageuka nyutroni, na unabaki na dhahabu 186.

Mjomba akaweka kikombe chini.

"Mnatengeneza dhahabu kutoka kwa zebaki, na wewe bado unapanga nyumba?"

"Nusu yake inapotea kila dakika 11, Mjomba. Inageuka platini."

"Platini nayo ni ghali."

"Saa 2 tu. Halafu iridi. Halafu osmi, na hapo ndipo inapotulia."

Alifikiri kwa muda. "Basi ungeuza mapema," akasema. Nikamwambia kwamba zebaki yote ya siku tano, ukiikusanya kwa namna yoyote, huwezi kuiona hata kwa hadubini. Hapo ndipo alipopoteza hamu, akaniuliza kama ninahusika na ile nyuklia inayozungumziwa ya Siaya. Kila mtu ananiuliza hivyo siku hizi, hadi mwenye duka. Sihusiki. Kule ni kupasua viini vizito ili kupata umeme. Huku ni kusikiliza kiini kimoja kikishuka ngazi.

Jumatano, 16 Aprili

Asubuhi nilifanya kile ambacho mtu mvivu hukifanya mwisho. Nikaacha kujumlisha. Badala ya spektra moja (mchoro wa miale kwa nishati) ya fuwele 32, nikachora 32.

Klova namba 3, iko nyuzi 90, geti kwenye 357 ili nione wale wawili tu. Fuwele A: vilele viwili, safi, bonde katikati. Vimesimama 404.0 na 406.6. Nikadhani nimekosea kusoma. Fuwele B: viwili, safi. 401.4 na 404.0. Fuwele C: kama B. Fuwele D: kama A.

Klova namba 4. Vilevile. Ya 5. Vilevile.

Kwa hiyo kila fuwele peke yake inawaona wote wawili vizuri kabisa. Tofauti yao ni ileile 2.6. Ila A na D zimewasukuma juu kwa 1.3, B na C zimewasukuma chini kwa 1.3. Na kwa bahati ambayo siwezi kuiita nzuri, 402.7 iliyosukumwa juu inatua mahali palepale pa 405.3 iliyosukumwa chini. 404.0. Mwale ambao haupo. Mabega mawili niliyoyaona, 401.4 na 406.6, ni wale wengine waliobaki nje. Klova za nyuma zina ugonjwa huohuo, ila kwa kiasi kidogo.

Si jambo la chaneli, kwa sababu europi inakaa sawa katika A, B, C na D. Ni kitu ambacho europi haikihisi. Europi imekaa kimya mahali pamoja. Zebaki inakimbia.

Alhamisi, 17 Aprili

Doppler. Nilifundisha hili mwezi wa pili, kwa honi ya matatu: ikija sauti ni kali, ikishapita inakuwa nzito. Kiini kilichozaliwa kinaendelea mbele na msukumo wa salfa, na ukipiga hesabu kwa salfa ya MeV 165 (MeV 1 ni keV 1,000) unapata kasi ya karibu asilimia 1.9 ya kasi ya mwanga. Mwale unaotoka mbele unaonekana na nishati zaidi, wa nyuma pungufu, wa ubavuni hasa hausogei. Lakini klova ina upana. Ile ya nyuzi 90 ina fuwele mbili ambazo kweli ziko kama nyuzi 85, zikiegemea mbele, na mbili kama nyuzi 95, zikiegemea nyuma. Kwenye 405 tofauti ni 0.66 keV juu au chini. Unarekebisha kwa kila fuwele kulingana na pembe yake, na vilele vyote vinarudi mahali pake.

Isipokuwa umezibadilisha. Ukiipa ya mbele pembe ya nyuma, badala ya kuondoa 0.66 unaongeza 0.66 nyingine. Jumla 1.3.

Nilirudi kwenye mchoro wa klova uliokuja na diski. Mraba wenye herufi: A juu kushoto, B juu kulia, C chini kulia, D chini kushoto. Mshale wa mkondo unapita chini yake. Nilikuwa nimeusoma mara ishirini. Nikauchora upya kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, nikaubandika kwenye kioo cha dirisha ili niutazame nikiwa nimekaa mbali. Binti yangu, yuko Gredi ya 5, alikuwa nje anaanika nguo.

"Baba, umeandika herufi kinyume."

"Hapana. A iko kushoto."

"Huku iko kulia."

Jua lilikuwa nyuma yake na wino ulipenya. Nilitoka nje nikasimama alipokuwa. A iko kulia. Nikarudi ndani. Kushoto. Nikatoka tena. Aliniona nikiingia na kutoka mara tatu na hakusema kitu, akaendelea na nguo zake.

Mchoro haukuandika mtazamaji amesimama wapi. Mimi niliusoma kana kwamba nimekaa mahali pa shabaha nikiitazama klova usoni. Aliyeuchora alikuwa nyuma ya klova, upande ambao nyaya zinaingia, kwa sababu fundi wa maabara hushinda hapo. Kushoto kwake ni kulia kwangu. A na D yangu ya nyuma ni A na D yake ya mbele, na jedwali la pembe nililoliandika kwa mkono wangu tarehe 22 Machi, saa tano usiku, lina kosa kwa fuwele zote 32. Simlaumu fundi. Ningeweza kuangalia kilele kimoja cha mwale unaokimbia, fuwele kwa fuwele, dakika kumi tu, badala ya kukaa nikifurahia europi.

Nimebadilisha herufi mbili kwenye programu. Kompyuta inazunguka.

Jumamosi, 19 Aprili

Wapo.

Geti kwenye 356.8. Vilele viwili, 402.7 na 405.3, urefu karibu sawa kwa sababu kila kiini kinachopita kidato kile lazima kishuke vyote viwili, na bonde katikati limeshuka zaidi ya nusu. Unene 2.0. Hata 357 imekonda. Nimeweka geti kwenye nusu ya juu ya 405.3, ile sehemu ambayo mwenzake hafiki, na 402.7 ikabaki peke yake, 405 imeondoka. Nimegeuza geti upande wa pili na mambo yakageuka. Hapo ndipo nilipoamini.

Nilimwita mke wangu aone. Alisema vinafanana na vidole viwili vya mtoto. Ni kweli.

Jumamosi, 26 Aprili

Jioni za wiki hii nimekuwa nikisoma, sipigi hesabu. Sasa naelewa kwa nini Daktari alinipa kiini hiki na si kingine.

Nenda kwa jirani mzito zaidi, zebaki 188. Mwale wa chini kabisa ni 413 keV. Wa pili, kutoka 4 kwenda 2, ni 592. Hivyo ndivyo kiini kilichokaribia umbo la duara kinavyofanya, vidato vinapanda vikubwa vikubwa. Toa nyutroni mbili tu. Wa chini unabaki 405, karibu palepale. Wa pili unaanguka kutoka 592 hadi 403. Na wa tatu, 357, ni mdogo kuliko wa pili! Toa mbili tena, zebaki 184: 367, halafu 287, halafu 340, 418. Kidato cha pili kimekuwa kifupi kuliko cha kwanza, kisha vinaanza kurefuka kwa mpangilio, kama kitu kirefu kinachozunguka.

Maelezo yaliyokubalika ni kwamba zebaki hizi zina maumbo mawili ndani ya kiini kimoja. Chini kabisa linakaa umbo lililobonyezwa kidogo, kama chenza. Juu yake kidogo linakaa jingine lililorefuka, kama mpira wa raga. Ngazi zao zinapishana. Ukianza kushuka kutoka juu unashuka ngazi ya raga, na karibu na chini unaruka kwenye ya chenza. Katika 186, ule mruko uko karibu na spini 4 na 2, na ndiyo sababu miale miwili ya mwisho inagongana hivi kwamba mtu mmoja Kisumu anaweza kuipoteza mwezi mzima kwa kubadilisha kushoto na kulia.

Jambo hili halikuanza na gama. Mwaka 1972, watafiti wa ISOLDE, kituo cha viini adimu kule CERN, Geneva, walipima ukubwa wa viini vya zebaki kwa mwanga na kukuta kwamba kutoka 187 kwenda 185 kiini kinavimba ghafla, ingawa kimepungukiwa na nyutroni mbili. Baadaye ilibainika kwamba zile zenye namba witiri, 181, 183, 185, zimevimba, na zenye namba shufwa katikati yao hazijavimba. Zinaruka juu na chini kama mguu unaochechemea. Mwaka 2018 walitangaza vipimo vilivyofika hadi zebaki 177, na kule chini kuchechemea kumekoma.

Na risasi, jirani mwenye protoni 82, amezidi. Mwaka 2000 kikundi kilichofanya kazi maabara ya GSI, Darmstadt, Ujerumani, kilifuatilia poloni 190 ikitoa alfa (kiini cha heli) na kuwa risasi 186, kikakuta hali tatu za chini kabisa zote zina spini 0: ile ya msingi yenye nishati sifuri, nyingine pale 532 keV, nyingine 650. Moja duara, moja chenza, moja raga. Nyumba moja, wapangaji watatu, sakafu inakaribiana kiasi hiki. Nilimsomea mke wangu hili akauliza nani analipa kodi.

Viini vya risasi kama hivi vinatoka kwa shida, vingi hupasuka kabla ya kutulia. Ndiyo maana kule Jyväskylä, Finland, wanaweka kitenganishi nyuma ya vigunduzi, wanasubiri kiini kitoe alfa yake, halafu wanarudi nyuma kuuliza: wewe ulipozaliwa ulitoa gama gani? Zebaki 186 haihitaji hayo yote. Afrika tuna AFRODITE, seti ya vigunduzi vya klova, katika maabara ya iThemba LABS karibu na Cape Town, na kazi ya namna hii inafanyika huko. Ningependa kusimama karibu nayo siku moja. Kwanza ningeuliza tunatazama kutoka upande gani.

Jumamosi, 3 Mei

Shule imefunguliwa, nafanya kazi kuanzia saa tatu usiku.

Nilimpelekea Daktari miale minne, unene, mchoro wa fuwele 32 kabla na baada, na maelezo ya kosa bila kulipunguza. Alipiga simu, jambo ambalo si kawaida yake. Akasema: "Mwalimu, kosa hilo nami niliwahi kulifanya, ila mimi liliniponyoka hadi kwenye rasimu." Kisha, bila kupumua: "Sasa nataka 523."

Maana yake ni umbo la raga lenyewe, kidato chake cha chini kabisa, spini 0, pale 523 keV. Ile ya 188 iko 825, ya 184 iko 375; inashuka kadiri nyutroni zinavyopungua. Shida ni kwamba hakuna gama ya kutoka spini 0 kwenda spini 0. Mwale lazima ubebe angalau spini 1, na hapa hakuna ya kubeba. Kiini hicho kinaitoa nishati kwa elektroni ya atomu yake mwenyewe, na klova haioni elektroni hiyo. Kwa hiyo sitaiona. Ninachoweza kutafuta ni ndugu yake wa juu, spini 2, pale 621. Huyo anaweza kushuka kwenye 405, na tofauti yao ni 216.

Nimeweka geti kwenye nusu ya juu ya 405.3. Pale 216 kuna kidudu. Nimehesabu ziada ya 40 juu ya mandharinyuma ya 900. Mzizi wa 900 ni 30. Ziada ya 40 haitoshi kumwamsha Daktari.